Pistoni ya Chini

Kwenye kilio cha Fataki walinikalisha kwenye kiti cha plastiki karibu na kabati la vyombo, kwa sababu magoti yangu hayataki tena mkeka, na kwa sababu watoto wake wananiita Mama Spe na wananiheshimu kupita kiasi. Nilikuwa nimetoka kwangu Mutanga Nord kwa teksi, nimejifunga kitenge cheusi, na moyoni nina hasira. Ndiyo, hasira. Tulikuwa tumepatana zamani kwamba mimi ndiye nitakayetangulia, maana mwenye presha na sukari ni mimi, halafu yeye anajiendea zake kwa homa ya siku chache, bila hata kuaga! Bwiza, mtaani kwa Fataki, nyumba zimebanana, uani na sebuleni ni pamoja tu. Wanawake waliokuwa wanapika maharage na ndizi walikuwa wanagombana juu ya nani aliyetia chumvi mara ya pili, na sisi tuliokuja kulia tulisikia kila neno. Juu ya kabati, kati ya picha ya arusi na redio, palikuwa na pistoni ya zamani imegeuzwa kichwa chini, kipande cha kamba kimebaki kwenye tundu lake la pembeni, na ndani wametia kalamu. Sikuishughulikia. Nyumba ya fundi gani haina chuma juu ya kabati? Nilikuwa nimekuja kumlilia mtu, sikuja kutazama vyuma.

Lakini kilio ni kirefu, na mtu hawezi kulia mchana kutwa. Ukinyamaza kidogo, mawazo yanarudi nyuma yenyewe. Mimi yalinirudisha kwenye ule mwaka wa ambargo, nchi jirani zilipotufungia mipaka, mjini hakuna petroli, hakuna sukari, na milimani bunduki zinalia kila zikitaka. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Shule ya ufundi nilikokuwa nasomea mekanika ilikuwa imefungwa na vita, nikaenda kuomba kazi kwa Mzee Gaspard, aliyekuwa na atelye, karakana ya moteri za mitumbwi, kule mtaa wa viwanda, Zone Industrielle, nyuma ya ghala la kahawa. Alinitazama mikono, hakunitazama uso. Akasema, "Kucha zako ni nzuri. Kuja kesho." Nikadhani mzee ana mambo yake ya ajabu, kumbe alikuwa anasema habari ya kazi.

Atelye ile ilikuwa vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na pipa la maji tunalojaribia moteri, na sakafu yake haikupata kukauka. Cha nyuma kilikuwa na meza ndefu chini ya dirisha linalopokea jua la asubuhi, chini ya meza kuna debe la vyuma vilivyokufa, na kwenye kona kuna mbabula wa mkaa ambao Mzee alipikia chai ya rangi asubuhi na bugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, adhuhuri. Sote tulikula sahani moja. Nyakati zile mjini mtu alikuuliza kwanza mtaa unaolala, jina baadaye, na kwa mtaa tu alikuwa amekwisha kujua kabila lako na kukuhukumu. Pale mezani hakuna aliyeuliza. Tuliulizana tu nani amekula vichwa vyote vya ndagala, na siku zote alikuwa Fataki.

Fataki alikuwa Mukongomani wa ng'ambo ile ya ziwa, kutoka kijiji cha ufukweni kusini ya Uvira. Mrefu, mwenye maneno mengi, na fundi kweli kweli, hilo sitamnyima. Alikuwa anaweza kusikia moteri ikipita mbali ziwani akakwambia ina ugonjwa gani. Tulikuwa tunachokozana kutwa. Mimi nilimwita Redio, yeye aliniita Madamu Ukucha, na jina hilo lina sababu yake.

Moteri tulizokuwa nazo zilikuwa za zamani sana, zimeachwa na mapadri na Wagiriki, zingine zimenizidi umri. Kwa kawaida pistoni ikichoka unanunua mpya. Mwaka ule mpya ilikuwa hadithi. Basi kazi yetu yote ikawa swali moja tu: hii iliyochakaa inarudi ndani, au hairudi? Mzee Gaspard alipenda kusema usiache mbachao kwa msala upitao, na sisi hata huo msala haukuwa unapita. Aliipima hivi. Kwanza tunaiosha kwa maji ya moto na sabuni, maana petroli ya kuoshea hakuna. Tunakwangua masizi kwenye mifereji yake kwa kipande cha pete ya pistoni iliyovunjika. Halafu tunaitundika kwa kamba kwenye tundu la pini, lile la pembeni, na kuigonga kwa mpini wa mwiko ule ule wa bugali. Pistoni nzima inalia vizuri, sauti inabaki hewani. Yenye ufa inasema "kpa!" kama chungu kibovu, na safari yake imeishia hapo. Ikilia vizuri, unapitisha ukucha ubavuni, juu ya mikwaruzo. Ukucha ukiteleza, sawa. Ukucha ukikwama, mashaka. Ndiyo maana Mzee hakutaka kucha ndefu wala kucha zilizotafunwa. Mwisho unaitia kwenye silinda yake na kupima nafasi kwa nyembe za kunyolea: wembe mmoja uingie, nyembe mbili zigome.

Na palikuwa na sheria ya nyumba. Pistoni yenye mashaka, anayesema "inafaa" anaandika herufi ya jina lake ndani yake kwa ncha ya msumari, na anapanda mtumbwi ule safari ya kwanza, kwenda na kurudi. Mkirudi, moteri inafunguliwa, pistoni inatazamwa tena mbele ya wote. Hakuna kusema ndiyo halafu ukabaki nchi kavu unakunywa chai. Naiona mpaka leo kuwa sheria nzuri, lakini ilikuwa na tundu ambalo Mzee mwenyewe hakuliona mpaka alipokuja Mama Zawadi.

Mama Zawadi alikuwa muuza mawese wa hapa hapa Bwiza, na kwao ni kijiji kimoja na akina Fataki. Watoto wake wawili alikuwa amewaacha kule kwa mama yake Fataki, awafuate baada ya mavuno. Kabla ya mavuno vita vikafika upande ule pia. Kila aliyevuka alileta habari mbaya kuliko wa jana yake: watu wanakimbia, njia ya nchi kavu imekatwa, waliobaki wamejikusanya ufukweni. Alituletea moteri ya marehemu mume wake kwenye mkokoteni, akakaa juu ya jerikani karibu na mlango, akaanza kuchambua maharage kwenye ungo. "Mi nangojea hapa hapa," akasema. "Mukimaliza, munaniambia." Hakulia. Alichambua maharage tu, na yakiisha kuchambuliwa aliyamwaga tena na kuanza upya.

Moteri ilikuwa na pistoni mbili. Ya juu haikuwa na neno. Ya chini ndiyo iliyotutia kwenye shida. Tuliitundika, ikalia vizuri, hakuna ufa. Lakini ubavuni ilikuwa na mikwaruzo mirefu ya kushikwa na joto, ukucha wangu ukakwama. Wembe mmoja uliingia bila kusukumwa. Nyembe mbili ziliingia nusu, zikasimama. Si ndiyo, si hapana. Fataki alinipokonya, akapitisha kidole, akasema hapo hapo, "Inafaa. Leteni musumari niandike." Mimi nikamshika mkono. "Fataki, ngoja. Hauna hata ukucha wa kupimia!" Na kweli hakuwa nao. Tangu habari za ng'ambo zianze, alikuwa amezitafuna kucha zote mpaka nyama.

"Ndiyo naona inafaa," akasema.

"Umeona na nini? Kidole hakioni huo mukwaruzo. Ikishika katikati ya ziwa na watoto ndani, utaiambia nini?"

"We Spe unaogopa maji tu. Sheria iko: mwenye anasema ndiyo, anapanda. Mi napanda! Unataka nini ingine?"

Mzee Gaspard alikuwa anakoroga bugali. Akaweka mwiko chini, akauliza taratibu, ijapokuwa alijua jibu, "Fataki, kule kuna nani wako?"

"Mama."

"Basi we haupimi hii."

"Mzee! Mi ndiye nitakufa ikiharibika!"

"Hiyo sheria niliwekea mutu mwenye anaogopa kupanda," Mzee akasema. "We hauogopi. We unaomba kupanda. Hata nikikupa jiwe utaniambia inafaa. Macho yako yameshavuka zamani, mwanangu, hapa umebakiza miguu." Akageuka kwangu. "Spe atapima."

Yampaye inka, Mungu wangu! Sikupata kuogopa maisha yangu kama saa ile. Nikisema hairudi, watoto wa Mama Zawadi na mama yake Fataki wanabaki kule wanangojea risasi. Nikisema inarudi na nimekosea, wanakufa majini, na mimi pamoja nao, mimi nisiyejua kuogelea hata kwenye beseni. Mama Zawadi aliacha kuchambua maharage. Hakuniomba kitu. Angeniomba ingekuwa rahisi zaidi, ningemkasirikia. Nilichukua msasa mzee tuliokuwa nao, nikaulowesha oili, nikaisugua ile mikwaruzo polepole mpaka ukucha ukaanza kuteleza. Nikachagua pete kwenye debe, moja moja, mpaka nikapata zilizokaa bila kulegea. Nyembe mbili bado ziliingia nusu, hapo sikuwa na dawa. Fataki alisimama nyuma yangu anapumua shingoni, nikamfukuza, akarudi, nikamfukuza tena. Mwishowe nikasema, "Inafaa. Lakini oili izidishwe kwenye petroli, moteri iende nusu gesi, ipumzishwe njiani, na kurudi tusipakie uzito kupita mimi, Fataki na wale tunaowafuata." Nikachukua msumari nikaandika S ndani yake. Mkono ulitetemeka, herufi ikapinda. Mama Zawadi alinishika miguu nikamwinua kwa ukali, maana nilikuwa karibu kulia.

Tulivuka asubuhi, mimi na Fataki, yeye kwenye usukani. Ziwa lilikuwa limetulia, na mimi nilikuwa nimeshika mbao kwa mikono miwili nasali rozari bila rozari. Kila mara niliona mkono wake unataka kuongeza gesi, na kila mara nilimpiga kofi mkononi. Katikati nikamwamuru azime tupumzishe moteri. Tukakaa pale, kimya, na kutoka ng'ambo tukasikia mizinga. Jamaa yule akafunika uso. "Unaniua, Spe," akasema. Nikamjibu, "Afadhali nikuue mimi kuliko maji." Nilisema hivyo, lakini nilimwonea huruma.

Mama yake alikuwa amekaa mchangani, mtoto mmoja kila upande, kama aliyetuma kutuita na sisi tumechelewa. Mwanamke mdogo, amekauka, na macho ya mwanawe. Aliponiona akauliza, "Ni huyu ndiye muke?" Fataki akasema, "Apana mama, ni huyu ndiye polisi." Tukacheka, pale pale, na mizinga inalia. Tukawapandisha. Tulikuwa tunasukuma mtumbwi ndipo akatokea mwanamke mwingine, anakimbia, mtoto mchanga kifuani, hata kitovu hakijaanguka. Alisimama kwenye maji yakimfika magotini akatuangalia.

Nilihesabu vichwa mara mbili. Nilijua nilichosema mbele ya Mzee, na nilijua zile nyembe mbili zilikomea wapi. Nikasema, "Fataki, mtumbwi umejaa." Akanitazama. Hakubishana, yeye aliyekuwa anabisha hata juu ya vichwa vya ndagala. Akauliza tu, "Mi nina uzito sawa na huyu na mutoto wake, ama ninamuzidi?" Nikasema anamzidi. "Basi punguza mimi." Akaruka majini, akamwinua yule mwanamke akamweka mahali pake, akanishikisha usukani. "Kaza macho kwenye ule mulima. Nusu gesi, Madamu Ukucha. Mi nazunguka na miguu." Mama yake akaanza kupiga kelele, anataka kushuka, na mimi nikavuta kamba ya moteri ili nisimsikie.

Tulifika. Sitasimulia kuvuka kule, sikumbuki kitu isipokuwa mlima na harufu ya oili. Nakumbuka Mama Zawadi kuingia majini na nguo zake zote kabla hatujagusa nchi. Kesho yake, kama sheria ilivyo, tukafungua moteri. Niliitundika pistoni ya chini nikaigonga kwa mpini wa mwiko. Ikalia vizuri kuliko mwanzo. Nikapitisha ukucha, ukateleza. Hakuna mkwaruzo mpya hata mmoja. Pistoni ile ingembeba Fataki, na mwingine kama yeye. Mzee Gaspard akasema, "Spe, hiyo ni habari nzuri." Nikamuuliza, "Kwa nani, Mzee?" Akarudi kwenye chai yake. Mama Zawadi hakutaka tena kusikia habari ya ziwa, moteri yake ikabaki mezani imefunguliwa vile vile.

Mama yake Fataki alikaa kwangu, kwenye chumba changu kimoja cha Bwiza. Tulilala kitanda kimoja. Alipika sombe ya majani ya muhogo kwa mawese, akanifundisha, akanitukana nilipoharakisha kuitwanga, na kila siku aliweka sahani ya mwanawe pembeni na kuifunika. Jioni tuliila sisi, kwa sababu chakula hakitupwi. Miezi ikapita hivyo. Nilianza kuomba Mungu amchukue mama huyu kabla habari ya kifo cha mwanawe haijafika. Naona aibu kusema, lakini ndivyo nilivyoomba.

Halafu adhuhuri moja tuko mezani, Mzee anagawa bugali, mlangoni akasimama mtu mwembamba na fimbo. Fataki. Alikuwa amezunguka kichwa cha ziwa kupitia milimani, akijificha kwa watu, na njiani risasi ilimvunja kifundo cha mguu, kikaunga vibaya, kimepinda. Tulimshika, tulipiga kelele, Mzee alimwaga mchuzi. Nikamwambia mama yake yupo, mzima, mkali, anangojea na sahani. Akalia sana. Alipomaliza kulia akajifuta, akatazama ile moteri mezani, akauliza, "Mulifungua?"

"Tulifungua."

"Ya chini ilikuwa namna gani?"

Nikautazama mguu wake. Niliona tangu hapo atakavyotembea maisha yake yote. Nikasema, "Ilipasuka. Kwenye tundu la pini. Ungebaki ndani tungezama wote."

Akauliza, "Iko wapi?"

"Nimewapa wale wanaoyeyusha vyuma kutengeneza sufuria."

Kumbe ilikuwa debeni, nilimoitupa mwenyewe, chini ya meza, karibu kabisa na ule mguu. Nyuma yangu Mzee Gaspard akakohoa, akauliza kwa sauti kubwa nani amemaliza chumvi. Fataki akashusha pumzi, akasema, "Basi mguu ulifanya kazi," akavuta sahani, akaanza na vichwa vya ndagala. Sikujuta siku ile wala sijuti leo. Mwaka wa pili yake nilipata kazi kwingine. Yeye alibaki kwenye meza ile ya dirishani mpaka Mzee alipofariki na atelye ikafungwa. Kila Noeli aliniletea samaki mukeke wa kukaanga, anachechemea mpaka mlangoni kwangu, na habari ya pistoni hatukuigusa tena.

Hayo yote yalipita kichwani mwangu mpaka nikasikia Neema, binti yake mkubwa, anawasimulia wageni hadithi hiyo hiyo, namna alivyoipokea: baba alivyoshuka, pistoni ilivyopasuka, alivyowaokoa watu. Wageni wakatikisa vichwa. Neema akaichukua ile ya kabatini, akamwaga kalamu, akaniwekea mkononi. "Mama Spe, we ndiye unaijua. Baba alikuwa anatuambia hii ni ile ya juu, ile nzima. Ile ya chini ndiyo ilipasuka."

Niliinamisha pistoni kuelekea mlangoni, kwenye mwanga. Ndani palikuwa na herufi S, imepinda, ya mkono uliotetemeka. Ile ya juu haikupata kuandikwa kitu, hakuna aliyeibishania.

"Alikuwa anaipenda sana," Neema akaendelea. "Mguu ukimuuma, siku za mvua, alikuwa anaitundika na hii kamba, anaigonga na mwiko ya mama. Inalia, ngeee! Halafu anacheka peke yake mpaka machozi. Tulimuuliza anacheka nini, hakusema."

Nikaiweka pistoni mapajani. Miaka yote hiyo alijua. Pale mezani, na lile debe kwenye miguu yake, na kucha zimeota. Uani wale wanawake walikuwa wamepatana juu ya chumvi, wanapakua.

"Eti ni kweli, Mama Spe?" Neema akauliza. "Ile ya chini ilipasuka?"

"Ilipasuka, mwanangu," nikasema. Nikaokota kalamu, nikazirudisha ndani zote, zikaifunika ile herufi, nikamwambia airudishe mahali pake.